Mjumbe wa Kongo katika Marumaru ya Roma

Watu wengi huingia siku hizi katika basilika ya Santa Maria Maggiore huko Roma kwa ajili ya kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa mle mwaka 2025. Wakiisha kusali, hutoka. Ni wachache wanaojua ya kuwa katika nyumba hiyo hiyo ya Mama Maria amelazwa mtu wa Kongo tangu mwaka 1608, na kwamba penye chumba cha ubatizo iko sanamu yake, kichwa na kifua, iliyochongwa na Francesco Caporale. Tunataka kuitazama sanamu hiyo pamoja na ndugu wasomaji, maana imesifiwa sana, na sifa zenyewe hazitupendezi zote.

Kwanza tujue ni nani. Jina lake ni Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda. Alitumwa na Mfalme Álvaro II wa Kongo, aliyetawala tangu 1587 mpaka 1614. Tusichanganye ufalme ule na nchi yetu nzima: mji wake mkuu, Mbanza Kongo, ulioitwa pia São Salvador, uko leo katika Angola, na sisi wa mashariki babu zetu hawakuwa chini yake. Na Nsaku Ne Vunda si jina la mtu hivi hivi tu. Katika Kongo, mkubwa wa ukoo wa Nsaku, aliyeitwa Mani Vunda, ndiye aliyemsimika mfalme. Pasipo yeye mfalme hakuwa mfalme kamili. Basi jina la mjumbe lilikuwa jina la nyumba kubwa kabisa.

Alitoka kwao mwaka 1604 na barua za mfalme. Alipitia Brazili. Baharini akanyang'anywa mali na Waholanzi, kwa kuwa siku zile Waholanzi walikuwa wakipigana vita na mfalme wa Hispania, na Ureno nayo ilikuwa chini ya mfalme huyo huyo tangu 1580. Hapo twaona jinsi ugomvi wa watu wa Ulaya ulivyowaangukia wasafiri wasiohusika nao. Alipofika Hispania akacheleweshwa miaka, si siku. Kwa nini? Kwa sababu ya barua zake. Álvaro alitaka kusema na Baba Mtakatifu yeye mwenyewe, bila kupitia Lisbon. Jimbo la Kongo lilikuwa limewekwa mwaka 1596, lakini aliyechagua askofu ni mfalme wa Ureno; na Wareno wa Luanda walikuwa wakifanya vita na biashara ya watumwa mipakani mwa Kongo. Mfalme aliomba mapadri, tena aliomba ulinzi wa Kiti cha Petro. Ombi la namna hiyo halikuwapendeza wakubwa wa Madrid.

Wengi wa wenzake walikufa njiani. Yeye alifika Roma mwanzo wa Januari 1608, mgonjwa mahututi. Papa Paulo V alikuwa ametengeneza mapokezi makubwa kwa sikukuu ya Epifania, na twaelewa alivyowaza: siku ya Mamajusi, mjumbe kutoka Afrika anaingia mjini na zawadi na barua! Mji mzima ulikuwa ukingoja. Lakini usiku wa kuamkia sikukuu Antonio Manuel akafariki. Papa alikuwa amekwenda kumtazama kitandani na kumbariki. Maandamano ya furaha yakageuka kuwa ya mazishi, yakaishia Santa Maria Maggiore.

Sasa sanamu. Caporale alichonga kichwa kwa jiwe jeusi na mavazi kwa jiwe la rangi nyingine. Kazi ya uso ni njema kabisa. Katika Ulaya ya karne ile mtu mweusi alionekana mara nyingi katika sanaa kama mtumwa, mpagazi, au mtu wa kushikilia taa na meza. Uso wake ulikuwa uso wa yeyote. Hapa sivyo. Huu ni uso wa mtu mmoja, mzito, uliotulia, uso wa mtu aliyezoea kusikilizwa barazani. Ukiufunika mwili kwa mkono na kuutazama uso peke yake, waweza kuamini kwamba mtu huyu alibeba maneno ya mfalme. Kwa ajili hiyo twamshukuru mchongaji.

Ondoa mkono, na shida inaanza. Begani amevikwa vazi la wavu, na mgongoni ana podo la mishale. Wako wanaolaumu yote mawili pamoja, wakisema Caporale alimvika mtu huyu ushenzi. Sisi twaona lazima kutenganisha. Vazi la wavu ni la kweli. Laitwa nkutu, husukwa kwa nyuzi, na wakubwa wa Kongo walilivaa mabegani kuwa alama ya cheo. Walilivaa hata pamoja na msalaba na nguo za kutoka Ureno, wala hawakuona aibu. Anayeliona kuwa nguo ya mtu maskini hakuelewa. Hapa mchongaji amesema kweli kuliko wengi wanaomhukumu.

Podo ni jambo jingine. Mjumbe hakuja kuwinda. Alikuja na barua zilizoandikwa, kutoka ufalme ambao mfalme wake wa kwanza Mkristo alibatizwa mwaka 1491, miaka 117 kabla. Ufalme ambao mwana wa mfalme wake Afonso I, Henrique, alitajwa kuwa askofu mwaka 1518. Kulikuwa na watu wa Kongo waliojua kusoma na kuandika wakati vijiji vingi vya Ulaya havikuwa na hata mmoja. Mishale ile ilitoka katika desturi ya wasanii wa Ulaya: walipotaka kuonyesha Afrika au Amerika, walichora upinde na podo, basi kazi imekwisha. Angempa karatasi mkononi, tungejua aliyelala hapa ni nani na alitaka nini. Kwa podo, mtazamaji anaona mtu wa mbali, anashangaa kidogo, anapita. Na kweli, watu wa Roma walimwita Nigrita, yaani mweusi, na kwa jina hilo wengi walimkumbuka. Jina la ukoo unaosimika wafalme likamezwa na rangi ya ngozi.

Iko na picha katika Vatikano, ya ukutani, inayoonyesha Papa Paulo V akimtembelea mgonjwa. Ni picha ya huruma, hatukatai. Lakini jicho linavutwa kwa Papa, na mjumbe amekuwa tu yule anayehurumiwa. Mambo aliyotumwa kuyasema hayamo.

Iliyo bora, kwa maoni yetu, haiko kanisani hata kidogo. Iko katika jumba la Quirinale, ambalo sasa ni makao ya Rais wa Italia. Katika ukumbi mkubwa wa juu, kati ya 1615 na 1617, Agostino Tassi, Giovanni Lanfranco na Carlo Saraceni walichora ukutani mabaraza ya juu, na ndani yake wajumbe wa mataifa wakitazama chini ukumbini: Waajemi waliofika mwaka 1609, Mjapani Hasekura Tsunenaga aliyefika 1615, na mjumbe wa Kongo. Wote wanasimama sawa, wanaongea, wanaegemea ukingo. Antonio Manuel alikuwa amekwisha kufa miaka saba na zaidi. Hakuwahi kuingia katika ukumbi wo wote wa mapokezi huko Roma. Wachoraji wale wamemwingiza. Huenda walitaka tu kumtukuza Papa, kwamba dunia nzima inamjia. Lakini matokeo ya kazi yao ni kwamba mtu huyu amepata mahali palepale aliposafiri miaka karibu minne kupafikia, na amepapata akiwa mjumbe kati ya wajumbe.

Tusidhani barua zake zilizikwa naye. Mwaka 1613 Álvaro alimteua Juan Bautista Vives, padri Mhispania aliyekaa Roma, awe mwakilishi wake. Na Vives huyo ndiye aliyetoa nyumba yake kwa Propaganda Fide, shirika lililowekwa mwaka 1622 ili kazi ya misioni isiwe mikononi mwa wafalme tu. Mapadri Wakapuchini walifika Kongo mwaka 1645. Álvaro alikuwa amekufa miaka 31.

Kaburi lilipata umbo lake mwaka 1629, wakati wa Papa Urbano VIII. Anayekwenda kule na kulitazama, auangalie uso kwanza, kisha nkutu, na podo aliache mwisho.