Heko, Walimu wa Michezo

Kuanzia Kiranjeranje hadi Kilwa Masoko, mkoani Lindi, mwalimu wa michezo anastahili pongezi. Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, ukiwadia, ndiye anayechora njia za mbio kwa chokaa au majivu, anayeshika saa, na anayemfundisha mtoto kunyoosha mkono nyuma apokee kijiti bila kupunguza kasi. Mchujo huanzia shuleni, ukapanda kata, wilaya na mkoa hadi taifa.

Heko pia kwa mtangazaji wa uwanjani. Akishika kipaza sauti, hutaja njia, jina na shule, hata mzazi aliyezibwa na umati akajua mwanawe anashika nafasi ya ngapi.

Kazi ya kuwanoa wakimbiaji si ndogo, kwani mbio zinaweza kumfikisha mtu mbali. Mwaka 1980 huko Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliiletea Tanzania medali za fedha za Olimpiki.

Wazazi, wapeni watoto ruhusa wakakimbie. Redio za Lindi, zitangazeni mbio za shule kama mnavyotangaza kandanda.