Hodi ya Ziraili: Maneno Machache juu ya Utenzi wa Kutawafu Nabii

Padre Roland Allen, Mwingereza aliyefariki Nairobi mwaka 1947, alijifunza Kiswahili hali amekwisha kuwa mzee. Miongoni mwa tenzi alizozishughulikia ni huu wa Kutawafu Nabii, uliopigwa chapa mwaka 1956, baada ya kufa kwake. Dini yake si yetu. Hata hivyo yatupasa sisi waalimu wa misioni kuusoma, kwa ajili ya mlango mmoja uliomo ndani yake.

Malaika wa mauti aja kwa sura ya Mwarabu wa jangwani, asimama nje, apiga hodi. Fatuma amjibu kwamba baba yake hawezi, aende zake kwa leo. Mgeni haondoki wala haingii. Apiga hodi tena. Ndipo Nabii amweleza binti yake mgeni huyo ni nani, na ruhusa yatolewa. Mtungaji hakutafuta maneno makubwa. Ametwaa adabu ambayo kila mtoto hufunzwa kabla hajajua kusoma, akamvika yule ambaye watu humwita Mtoaroho, na kile kilichokuwa kitisho kimekuwa ugeni. Hata jina la utenzi lasaidia, kwa kuwa asili ya neno kutawafu katika Kiarabu ni kutwaliwa kwa ukamilifu, kama mtu atwaavyo haki yake yote.

Sasa tuyatazame mahubiri yetu. Hapa Dakawa, ambapo Waluguru, Wakaguru na Wazigua hukaa pamoja na wengine waliofuata mashamba ya mpunga ya bonde la Wami, mara nyingi tumesikia makaburini, na sisi wenyewe tumesema, kwamba mauti huja kama mwizi. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wathesalonike hayo juu ya siku ya Bwana, wala hakumtaja mgonjwa kitandani. Kosa hili si dogo. Mwizi ana uso na jina, na aliyeibiwa hana budi kumtafuta. Watu wetu hupambanua kufa kwa Mungu na kufa kwa mkono wa mtu. Nasi twasimama juu ya kaburi na kuwaambia kwamba mwizi amepita! Wenye matanga huondoka wakimtazama jirani, aghalabu bibi kizee asiye na mtetezi. Mhubiri hakukusudia hayo, lakini ndiyo aliyoyasema.

Hatusemi kwamba utenzi hauna upungufu. Hodi yapigwa kwa mmoja tu. Katika mapokeo ya Kiislamu malaika mwenyewe asema hakupata kumwomba mwingine ruhusa, wala hatamwomba. Mama aliyefiwa na mtoto wa siku tatu atauliza kwake ilipigwa lini, na mtungaji hana la kumjibu. Hapo twaona bora habari ya Lazaro katika Luka 16, maana maskini huyo hakuwa na mlango wa kupigiwa hodi. Alilazwa mlangoni pa mwingine, na malaika wakamchukua. Ila Luka hatuonyeshi walivyokuja, wala hatusikii walivyomwita. Sauti hiyo twaipata kwa mtungaji wa pwani.

Mwalimu atakayezisoma beti hizo darasani na aende polepole pale Fatuma anapokataa. Watoto wetu wamekanywa wasiitikie usiku sauti wasiyoijua, nao watamwelewa.