Komponenti Ipimwe kwa Inachodai

Hivi karibuni, hapa Kasapa, Lubumbashi, programu ya ankara ilipigiwa makofi kwa kuwa eti imejengwa kwa komponenti. Nikaufungua msimbo. Klasi zimerundikwa katika kifurushi kimoja, kila moja inapekua mambo ya ndani ya mwenzake. Ukiing'oa moja, zote zinaanguka. Makofi yale yanapotosha vijana.

Komponenti huchukuliwa peke yake, ikafanya kazi mahali ambapo aliyeiandika hajawahi kufika. Mtaalamu wa programu Doug McIlroy alilidai hilo tangu 1968, katika mkutano wa NATO mjini Garmisch. Kiolesura kiwe kidogo, na kikishatangazwa kisiguswe. Waliobuni COM ya Microsoft walilifanya hilo kuwa amri: ukitaka mabadiliko, toa kiolesura kipya, cha zamani kibaki kama kilivyo.

Mwanagenzi huuliza komponenti inatoa nini. Fundi huuliza inadai nini, maana kazi mbovu hujificha hapo. Chukua komponenti ya tarehe inayosoma saa ya mashine kimyakimya. Iweke kwenye seva iliyopangwa kwa saa za Kinshasa: ankara iliyokatwa Lubumbashi saa sita na nusu usiku itaandikwa tarehe ya jana, kwa sababu Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Hesabu za siku zitapishana, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Komponenti safi ingeomba ukanda wa saa kabla ya kuanza kazi.

Dai lililofichika limewahi kuangusha hata roketi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilisambaratika angani sekunde kama 40 baada ya kuwashwa. Programu yake ya uelekezaji ilitoka Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta shida. Mwendo wa mlalo wa roketi mpya ulikuwa mkubwa zaidi. Namba ya biti 64 ikakosa nafasi kwenye biti 16. Katika msimbo, sharti la mwendo ule halikuonekana.

Wajanja nao huuza komponenti yenye nywila ya hifadhidata ndani yake. Kwenye laptopu yao inang'aa. Zamani, intaneti ilipokuwa ya kubahatisha, komponenti ilikuja kwenye diski pamoja na karatasi ya masharti, na karatasi ilisomwa kwanza.

Ukipewa komponenti, ipeleke kwenye mashine tupu, zima intaneti, badili saa, kisha iendeshe. Ikitaja kwa jina inachokosa, ichukue. Ikikupa jibu bila kuuliza kitu, mrudishie mwenyewe.