"Pumu" Isibebe Maradhi Mawili

Mara nyingi neno "pumu" hutumiwa kwa kila abanwaye pumzi. Hapo limetwishwa mzigo usio wake. Tuchukue zahanati isiyo na spirometa, yaani kipimo cha pumzi, huko Chala, Ufipa: tabibu hutegemea maelezo ya mgonjwa. Mwenye pumu hubanwa, kisha hupata nafuu. Lakini mapafu yaliyoharibiwa na tumbaku au moshi wa kuni hayarejei hali yake ya awali, na matibabu hutofautiana. "Ugonjwa sugu wa mapafu" nao ni mpana mno; wajumuisha hata makovu ya kifua kikuu. Twapendekeza "mzibo sugu wa njia za hewa". Istilahi ikikosewa daftarini, mgonjwa hupewa tiba isiyomfaa.