Saa Moja, Majina Mawili

Biashara ya saa za Uswisi ina mazoea ya zamani: jina lililoandikwa usoni mwa saa mara nyingi si la aliyebuni mashine iliyo ndani. Kampuni huagiza, fundi hutengeneza, mnunuzi husimuliwa habari za kampuni. Fundi hulipwa chake, akanyamaza. Mazoea hayo yalipata ufa mwaka 2001, pale Harry Winston, kampuni ya usonara ya New York, ilipotoa saa iitwayo Opus 1 na kutangaza waziwazi kwamba mwenye kazi ni François-Paul Journe.

Aliyelipanga jambo hilo ni Maximilian Büsser, aliyekuwa akiongoza kitengo cha saa cha kampuni hiyo. Harry Winston ilijulikana kwa almasi. Winston mwenyewe ndiye aliyeikabidhi almasi ya Hope kwa Smithsonian mwaka 1958. Kwa upande wa mashine za saa haikuwa na cha kujivunia. Journe alikuwa na kipaji kisicho na ubishi, lakini saa zenye jina lake ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia sokoni. Mmoja alikuwa na fedha na wateja, mwingine alikuwa na kitu cha kuwauzia. Baada ya hapo wakaitwa mafundi wengine wa kujitegemea, mmoja baada ya mwingine: Antoine Preziuso, Vianney Halter, Christophe Claret, Felix Baumgartner wa Urwerk na wenzao, mpaka mfululizo ukafika Opus 14 mwaka 2015.

Majina mawili kukaa pamoja si ajabu. Hata kwenye viatu vya mpira yapo. Kinachonivuta katika saa hizi ni jinsi kila upande ulivyoulazimisha mwingine kufanya ambalo peke yake usingelifanya. Sonara akajifunza kungoja, na fundi akajikuta akijibu swali ambalo hakuwahi kujiuliza.

Tuanze na kungoja. Opus 3, kazi ya Vianney Halter, ilitangazwa mwaka 2003. Haina mshale hata mmoja. Usoni ina madirisha sita ya duara, na ndani yake tarakimu zinazotaja saa, dakika na tarehe. Dakika inapokaribia kwisha, sekunde zake za mwisho huhesabiwa dirishani, kisha dakika mpya inaruka mahali pake. Kuitazama ni raha tupu. Kuitengeneza ni balaa, na balaa lenyewe ni nguvu. Mshale ni mwepesi na husogea kidogo kidogo. Diski yenye tarakimu ni nzito kuliko mshale, nayo inatakiwa itulie tuli, halafu iruke ghafla na isimame barabara katikati ya dirisha. Saa inapobadilika, diski kadhaa huruka kwa pamoja. Ikifika saa sita usiku, tarehe nayo inadai haki yake. Nguvu yote hiyo inatokana na kamani, utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kasha dogo, na hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kuiendesha saa bila kuyumba. Ukichota nguvu nyingi kwa ajili ya kuruka, saa inasimama. Ukichota kidogo, diski inakwama njiani na dirisha linaonyesha nusu ya tano na nusu ya sita.

Wanunuzi wakangoja. Opus 4 ikatangazwa, ikafuata ya tano, ya sita, hadi ya tisa, na ya tatu bado ilikuwa mezani kwa fundi. Mafundi wengine wakaongezwa. Ingekuwa rahisi kuirudia michoro na kutia mishale miwili, watu wakapewa saa zao na mambo yakaisha. Haikuwa hivyo. Saa ilikamilika baada ya miaka mingi, ikiwa na madirisha yake sita. Duka lolote la vito lina hesabu za mwisho wa mwaka, na hesabu hizo hazipendi bidhaa isiyofika. Kwa hiyo heshima ya Opus 3 ni ya Halter kwa kuwaza, na ni ya aliyeilipia kwa kutokata tamaa.

Kuhusu swali, mtu wa kumtazama ni Jean-Marc Wiederrecht, ambaye karakana yake ya Geneva, Agenhor, imewafanyia kazi wakubwa wengi. Mwaka 2010 Van Cleef & Arpels walitoa saa iitwayo Pont des Amoureux, yenye mashine iliyotoka kwake. Usoni kuna daraja la Paris. Upande mmoja yuko mwanamke mwenye mwavuli, anayeonyesha saa. Upande wa pili mwanamume mwenye ua, anayeonyesha dakika. Wanakaribiana juu ya daraja, na saa sita mchana na saa sita usiku wanakutana na kubusiana, kisha kila mmoja anarudi alikotoka.

Chini ya daraja hilo kuna kipande cha chuma chenye umbo la konokono, kinachozunguka polepole. Mkono mwembamba umeegemea ukingo wake. Kadiri kipande kinavyozunguka, ukingo unazidi kujitenga na kitovu, mkono unasukumwa nje, na mwanamume anapanda daraja dakika kwa dakika. Ukingo unapofikia mwisho wake unakatika wima. Mkono unaanguka, springi inavuta, na mwanamume yuko mwanzo wa daraja tena. Ugumu uko kwenye meno ya magurudumu. Ili yazunguke lazima yaachiwe mwanya kidogo, na mwanya huo ndio unaoutetemesha mshale unaorudi kwa ghafla. Agenhor wamebuni gurudumu ambalo kila jino limepasuliwa katikati, linanyumbuka kidogo na kuubana upande wa pili bila kuacha nafasi. Mvaaji haoni kitu hicho. Anachoona ni kwamba wapenzi hawatetemeki.

Mwaka uliofuata Hermès wakatoa Arceau Le Temps Suspendu, na mashine yake ni ya Wiederrecht pia. Matakwa safari hii yalikuwa ya kushangaza: saa iweze kuuficha wakati. Ukibonyeza kitufe, mshale wa saa na wa dakika hukimbilia karibu na namba 12 na kukaa mkao ambao saa yoyote ya kweli haiwezi kuukaa. Mshale wa tarehe nao hutoweka. Chini yake mashine inaendelea na hesabu kama kawaida. Ukibonyeza tena, mishale inarudi yenyewe kwenye wakati halisi, na dakika zote ulizozipuuza zimeshahesabiwa. Fundi saa hufunzwa tangu uanagenzi kwamba wakati uonekane, tena kwa usahihi. Hapa anaongeza vipande ili usionekane. Wazo kama hilo huzaliwa kwa watu waliotoka kwenye hatamu za farasi, kazi ya Hermès tangu 1837, ila watu hao wasingejua pa kuanzia kulitekeleza.

Opus 9 ya mwaka 2009, ya Wiederrecht huyo huyo na msanifu Eric Giroud, inaonyesha pande mbili zikivutana mpaka zikawa kitu kimoja. Minyororo miwili ya almasi inashuka sambamba usoni, mmoja wa saa na mwingine wa dakika. Kati ya almasi hizo kuna vito vya rangi ya chungwa, na vyenyewe ndivyo vinavyoonyesha wakati kwa kusafiri pamoja na mnyororo. Sonara anataka mawe yang'ae. Fundi anajua kwamba mnyororo una viungo vingi, na kila kiungo kinakula nguvu. Almasi hapa haikubandikwa kama pambo. Imekuwa sehemu ya mashine.

Ushirikiano wa namna hii unaweza pia kuenea mbali. Mwingereza George Daniels, aliyefanya kazi zake Kisiwa cha Man, alibuni njia mpya ya kuachilia nguvu ya kamani kidogo kidogo, yenye msuguano mdogo, hivyo isiyotegemea mno mafuta, ambayo huzeeka. Akabisha hodi kwa kampuni za Uswisi miaka nenda miaka rudi, akajibiwa la. Omega ikaingiza kazi yake sokoni mwaka 1999, na leo iko ndani ya saa zake nyingi. Kwa upande wa pili kuna LVRR-01 ya mwaka 2023, ya Louis Vuitton na Rexhep Rexhepi, aliyefika Uswisi akiwa mtoto kutoka Kosovo: zilitengenezwa 10 tu, na nembo ya fundi iko pamoja na ile ya kampuni.

Atakayeonyeshwa saa ya majina mawili aulize jambo moja kabla ya bei: upande upi ungeweza kuitengeneza bila mwenzake? Kukiwa na mmoja ambaye angeweza, jina la pili ni la kuuzia. Omega bila Daniels isingekuwa na njia ile, naye Daniels bila Omega angeishia na saa chache alizochonga kwa mikono yake.