Mashine Iliyolala Miezi Mitatu

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, ukafunguliwa tena tarehe 15 Agosti, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Mashine za boti nazo zililala. Huku Ilagala, pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, kulikuwa na zilizovuliwa kwenye boti na kuegemezwa ukutani ndani ya nyumba, petroli ya safari ya mwisho ikiwa bado ndani. Naeleza hapa jinsi mojawapo ilivyotibiwa, kwa sababu fundi wake alifuata mpangilio, na mpangilio ndio unaokosekana mara nyingi ufukweni.

Ilikuwa tustroku ya farasi 40, silinda mbili, kabureta moja. Kuiwasha ni kuvuta kamba mpaka bega liume. Ikiwa sailensa, yaani bila kukolezwa, ilitetemeka hadi ubao wa tezi ukagonga. Ukiikoleza, inanyanyuka kidogo, halafu inazama kama mtu aliyekatika pumzi.

"Ni plagi hizi, mdogo wangu," nahodha wake akaniambia. "Nimeshabadilisha mara mbili."

Fundi hakufungua kitu. Aliifunga boti kwenye nguzo, akaiwasha mashine ikiwa majini, akatazama kwanza maji ya kupoza yanavyotoka. Yalikuwa yanaruka vizuri. Hilo si jambo la kupuuza kwenye mdomo wa Malagarasi, maana mto huleta tope na mchanga unaokula mpira wa pampu ya maji.

Kisha akapima silinda moja moja. Akazima, akachomoa kofia ya plagi ya juu, akaivika plagi ya akiba aliyoifunga kwenye chuma cha injini ili moto upate pa kwenda, akawasha. Mashine ikadhoofika. Akairudisha, akafanya hivyo hivyo kwa ya chini. Ikadhoofika vilevile.

Kipimo hicho kilimaliza ubishi wa plagi. Kama plagi au koili moja ingekuwa mbovu, silinda moja ingekuwa imekufa, na kuchomoa kofia yake kusingebadilisha chochote. Hapa zote mbili zilikuwa zinaumwa sawasawa, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye kile zinachokula pamoja: mafuta na hewa. Plagi zenyewe zilipotolewa zilikuwa nyeupe kama jivu. Plagi yenye afya huwa ya kahawia. Nyeusi iliyolowa imezidiwa mafuta. Nyeupe ina njaa.

Njaa hiyo inaanzia wapi? Akaingiza gia, akakoleza, akamwambia msaidizi aminye pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo petroli ya kutosha ilikuwa inafika kwenye kabureta. Halafu akavuta choki kidogo sana. Mashine ikainuka, mlio ukanyooka. Choki hupunguza hewa. Ikiwa kupunguza hewa kunaiponya, basi kilichopungua ni petroli, na inapungukia ndani ya kabureta.

Naomba wenye tustroku wanielewe vizuri hapa. Injini ya gari ina oili yake chini, peke yake. Mashine hii oili yake inasafiri ndani ya petroli. Jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ikiziba nusu, silinda haikosi petroli tu, inakosa na oili, tena wakati ule ule inawaka kwa joto kali zaidi. Pistoni inavimba, inakwaruza, mwisho inakamata. Nahodha anayesema "twende nayo hivi hivi mpaka giza liishe", yaani mpaka usiku usio na mwezi wa kuvulia umalizike, anahatarisha pistoni kwa ajili ya uchafu tu.

Kabureta ilipofunguliwa, bakuli la floti lilikuwa na utomvu wa rangi ya chai unaonata kidoleni. Petroli ilikuwa imegeuka mvuke kwa miezi mitatu, oili ikabaki na kuganda. Fundi akaielekeza jeti kuu juani: tundu lilionyesha ukingo mwembamba tu wa mwanga. Kijana mmoja akaleta waya. Fundi akaukataa, na alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu jeti ni ya shaba laini. Waya hulipanua tundu na kipimo chake hakirudi tena. Aliiloweka kwenye petroli safi, akakata kipande cha uzi wa nailoni wa mshipi, akaupitisha taratibu, akapuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka tundu likaonyesha duara kamili.

Petroli ya zamani haikurudishwa. Walichanganya mpya, lita 25 kwa nusu lita ya oili ya 2T, yaani 50 kwa 1, kipimo cha mashine ile, katika dumu ambalo halijawahi kubeba mawese. Kuna aliyeshauri oili ipunguzwe ili plagi zisichafuke. Ushauri huo unaua mashine. Usiukubali kwa yeyote.

Iliwaka kwa mvuto wa pili. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Kama mashine yako itakaa majuma kadhaa bila kazi, iwashe majini kwa sailensa, chomoa mpira wa mafuta, iache inywe kilichobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Ndipo uipandishe nyumbani.