Zilipendwa na Nani? Nyimbo za Dansi katika Nyumba za Kasulu

Neno "zilipendwa" ni sentensi nzima. Wakenya husema "zilizopendwa", na neno lao lina kirejeshi ndani yake, kwa hiyo huegemea jina lililotajwa au linaloeleweka: nyimbo zilizopendwa. Watanzania wameondoa kirejeshi, na kilichobaki ni tamko kamili, mfano wa hukumu iliyokwisha kusomwa. Walakini tamko hilo lina upungufu mmoja ambao mwanafunzi wa sarufi atauona mara moja: kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Zilipendwa; zilipendwa na nani? Nia ya insha hii ni kulijibu swali hilo kwa mahali pamoja tu, nyanda za juu za Kasulu. Yamkini jibu la Dar es Salaam ni jingine, nalo limekwisha kupata watetezi wengi.

Rai iliyozoeleka ni kwamba zilipendwa kwetu ni kama roki ya zamani kwa Wamarekani na Waingereza: muziki wa ujana, ambao mzee akiusikia hurudi katika umri wa miaka kumi na minane. Rai hiyo ina ukweli wake. Gitaa la umeme ni lile lile. Twisti ilifika Afrika Mashariki ikapata mabingwa, na Daudi Kabaka alijulikana kama mfalme wake. Wimbo wake "Helule Helule" uliwavutia hata Waingereza wa kundi la Tremeloes, wakautoa kwa sauti zao mwaka 1968. Lakini tuiangalie roki ilivyozaliwa. Bill Haley na Elvis Presley walipotia sauti zao katika santuri mwaka 1954, wanunuzi wao wakubwa wakawa vijana waliokuwa na fedha kidogo mfukoni, na muda si mrefu wakawa na redio ndogo ya kuchukulika mkononi. Kijana aliufunga mlango wa chumba chake akasikiliza peke yake muziki ambao baba yake aliuchukia. Kwa hiyo mzee wa Marekani anapoukumbuka wimbo wa aina hiyo, aghalabu hukumbuka siku alipoanza kujitenga na wazazi wake.

Katika nyumba za Kasulu mambo yalikuwa kinyume. Redio ilikuwa moja, tena mara nyingi ilikuwa moja kwa majirani kadhaa, nayo ilikuwa mali ya baba. Ilikula betri, na betri zilikuwa ghali. Zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Katika hali hiyo muziki haukuachwa ulie kutwa. Redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, kwa matangazo ya vifo na kwa vipindi vya salamu, kisha ikafungwa. Wimbo uliosikika ulikuwa wimbo uliobahatika kuangukia kati ya mambo hayo, na waliousikia walikuwa mama, baba, watoto, na mgeni aliyekuja kusikiliza kama kuna msiba. Hapakuwa na mlango wa kufunga.

Lazima tukae kidogo kwenye salamu, maana ndipo kiini cha jambo kilipo. Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa na redio moja tu ya taifa, na redio hiyo ndiyo iliyokuwa pia studio ya bendi karibu zote, kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri na bendi zilizotaka santuri zilitazama Nairobi. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya ndugu na rafiki zake, akataja wimbo, akaipeleka posta. Mtangazaji alisoma majina yote, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mahali walipo, ndipo akaupiga wimbo. Kwa hiyo wimbo wa dansi haukuingia nyumbani ukiwa mtupu. Uliingia ukiwa umetanguliwa na orodha ya watu waliotawanyika, na mara nyingine mtu wa nyumba hiyo alikuwa mmoja wao. Mtaalamu anayezichambua nyimbo hizi kwa maneno na ala zake tu, akaliacha lile tangulizi la majina, anachambua nusu ya kazi.

Na watu wa Buha walikuwa wametawanyika kweli. Tangu enzi ya Waingereza nyanda hizi zilihesabiwa kuwa hazina ya vibarua. SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichoanzishwa mwaka 1944, kiliwaandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo na kuwapeleka Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Waliofuata waliendea tumbaku ya Urambo, wengine wakaenda jeshini, na vita ya Uganda ya 1978 na 1979 ikawachukua baadhi yao mbali zaidi. Njia ya wengi ilikuwa ile ile: gari mpaka stesheni, kisha garimoshi la reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Sasa msomaji azitazame bendi zilivyopangika. Kigoma palikuwa na Lake Tanganyika Jazz. Tabora palikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Morogoro palikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Dar es Salaam penyewe Western Jazz ilibeba jina la Jimbo la Magharibi, ambalo Kasulu ilikuwa ndani yake. Ramani ya dansi na ramani ya manamba ni karibu ramani moja. Mama aliyebaki Kasulu alipomsikia mtangazaji akisema "Tabora" au "Morogoro", hakusikia jina la bendi tu; alisikia jina la mahali mumewe alipo.

Hapa ndipo utunzi wenyewe unapoingia. Sehemu kubwa ya nyimbo hizi imetungwa kwa namna ya mtu anayemwita mwenziwe ambaye hayupo. Hata majina ya nyimbo yanashuhudia: "Dada Asha" ya Tabora Jazz, ambayo mtunzi wake, Shem Karenga, alikuwa mzaliwa wa Kigoma, "Georgina" na "Zuwena" za Marijani Rajab, "Esther" ya Mbaraka. Wimbo unaopewa jina la mtu una mwelekeo wa barua. Una mwitwaji, na mwitwaji hajibu. Fasihi yetu inaijua sana sura hiyo, kwa kuwa tungo ndefu za pwani zimejaa nyaraka za kutumiana, lakini hapa waraka umewekewa magitaa na tarumbeta na kutumwa kwa watu wote kwa wakati mmoja. Msikilizaji hakuwa na kazi ila kulibadili jina. Palipoitwa Zuwena, yeye alimweka mtu wake.

Katika nyumba moja ya Kasulu nimepata kuwasikia ndugu watatu, wote watu wazima, wakibishana kuhusu wimbo ambao marehemu baba yao alikuwa akiuongezea sauti. Mkubwa alisema ni wa Salum Abdallah, maana baba aliwahi kukata mkonge Morogoro. Wa pili alishikilia kuwa ni "Shida" ya Mbaraka, na akakumbuka mpaka siku ya Januari 1979 habari za ajali iliyomwua mwimbaji huyo huko Kenya zilipoifikia nyumba yao. Mdogo, ambaye alizaliwa baba akiwa amekwisha kurudi kwa kudumu, alimjua baba wa Remmy Ongala na wa miaka ya themanini. Hawakukubaliana, na kwa maoni yangu hapakuwa na haja. Kila mmoja alikuwa akimtaja baba aliyemjua: wa kwanza baba wa likizo, wa pili baba wa kungojewa, wa tatu baba wa kila jioni. Wimbo ulikuwa njia ya kusema jambo ambalo lingekuwa zito kulisema waziwazi, nalo ni kwamba watoto wa tumbo moja hawakupata baba mmoja kwa kiasi kilicho sawa.

Mwenye kusema kuwa nyimbo za kale huwaunganisha jamaa na atazame tena. Huwakutanisha, hilo ni kweli, lakini hukutanisha pia hesabu zao.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa dansi hawalitaji, pengine kwa sababu wengi wao wamelelewa katika Kiswahili. Nyumba za Kasulu ziliongea Kiha. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya baraza, ya soko na ya redio. Mama wengi wa kizazi hicho walikisikia kuliko walivyokisema. Matokeo yake ni ya ajabu: mtoto anamkumbuka mama yake, ambaye alimwonya na kumbembeleza kwa Kiha, kwa njia ya wimbo ambao maneno yake mama aliyafuata kwa taabu. Wengine husikitika juu ya jambo hili na kusema kuwa ngoma za Buha na nyimbo za inanga zimenyang'anywa nafasi yao. Mimi naona malalamiko hayo yana haki kwa upande wa historia ya sanaa, bali hayaelezi kumbukumbu. Nyimbo za Kiha zilikuwa na siku zake: arusi, mavuno, msiba. Zilimkumbusha mtu shughuli na ukoo mzima. Wimbo wa redio ulikuja siku isiyo na jina, watu wakiwa wanachambua maharage, na kwa hiyo ukashikamana na jioni ambazo hakuna mtu aliyefikiri kuzihifadhi.

Tena jioni hizo hazina pa kurudiwa. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, na jamaa waliokuwa wameishi kila mmoja katika kihamba chake walihamishiwa katika vijiji. Nyumba zilibomoka, migomba ikaachwa, na mahali ambapo redio ilitundikwa pakawa shamba au pori. Mtu wa mji wa zamani kama Ujiji anaweza kumpeleka mjukuu wake mbele ya nyumba na kusema, hapa ndipo tulipokuwa. Wengi wa Kasulu hawana ukuta wa kuonyesha. Sidhani natia chumvi nikisema kuwa kwa watu wa hali hiyo wimbo umefanya kazi ya kiwanja.

Hoja yangu, kwamba nguvu ya nyimbo hizi imo katika namna yake ya kumwita asiyekuwapo, ina pingamizi kubwa, nalo liko Kasulu kwenyewe. Karibu na Makere ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, ambayo tangu 2015 ilipokea Warundi wengi pia. Wakongo wa Uvira na Fizi ni wasemaji wa Kiswahili, lakini muziki wa wazee wao ni wa Franco na Tabu Ley, nao umeimbwa kwa Kilingala. Hata Waha wenyeji waliupenda muziki huo tangu zamani, ukiwafikia kwa mawimbi kutoka ng'ambo ya ziwa, bila ya kuelewa neno. Ikiwa watu hulia kwa wimbo wasioufahamu, yako wapi mamlaka ya maneno? Najibu kwamba machozi ni mamoja, lakini kinachokumbukwa si kimoja. Waulize watu wimbo wa Kilingala unawakumbusha nini, nao watakutajia tukio na miili: fulani alivyocheza gitaa lilipoanza kukimbia, shati alilovaa, vumbi la uwanja. Waulize kuhusu wimbo wa Kiswahili, watakutajia mazungumzo: alichosema baba wimbo ulipokwisha, mama alivyonyamaza. Maneno yaliyoeleweka yalizaa maneno mengine nyumbani. Yasiyoeleweka yaliacha picha.

Na kule kunyamaza kwa mama kunadai kutazamwa. Ni desturi siku hizi kuzisifu zilipendwa kwa mafunzo yake na kuwatukana vijana kwa nyimbo zao. Sifa hiyo haistahili yote. Zipo tungo nzito, kama "Nalilia Mwana" ya Remmy Ongala, iliyotungwa juu ya mwanamke anayetamani mtoto, na ni nadra kuona mtunzi mwanamume akikaa hivyo mahali pa mwanamke. Lakini zipo nyingi ambazo mafunzo yake ni lawama tupu: mke hana shukrani, msichana wa mjini anapenda fedha, mwanamume ameponzwa. Mama wa Kasulu, ambaye alilima peke yake na kulipa ada kwa maharage huku mume akiwa safarini, alikaa kimya akasikiliza mwanamume mwingine akilalamika kwamba wanawake hawana uvumilivu. Watoto wake leo huuita wimbo huo mtamu, na utamu upo. Sauti ni nzuri na magitaa yamesukwa kwa ustadi. Bali mhakiki hana ruhusa ya kuuita utamu huo hekima kwa sababu tu umepita katika nyumba ya wazazi wake. "Zilipendwa" haina mtenda, na hapa kukosa huko kunaficha kitu: yumkini si kila aliyekuwa chumbani alizipenda.

Nyimbo hizi sasa ziko katika simu na kadi ndogo za kuhifadhia, na yeyote mjini Kasulu aweza kujaziwa mamia yake kwa malipo madogo. Zimesafishwa, kelele za mawimbi zimeondolewa, na kila moja inaanza pale pale gitaa linapoanza. Majina yaliyosomwa kabla yake, ya ndugu wa Tabora, Urambo, Morogoro na Kasulu, hayamo.